Taa ya Sitini na Tatu

Taa sabini na sita zilikuwa zikiwaka ndani ya kabati la majaribio. Ya sitini na tatu ilikuwa imezimika.

Kabla kifaa cha kuongoza breki hakijaingia garini, tunatengeneza vifaa sabini na saba, kila kimoja na taa yake, tunavigandisha na kuvipasha joto kali mara elfu moja, wiki sita mfululizo. Kikifa chenyewe hata kimoja, tunaanza upya. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Kisha ningepanda basi kutoka Casablanca hadi Midelt kwa mama, ambaye tangu majira ya baridi huniita kwa jina la dada yake marehemu.

"Itto, andika kiliangushwa, uende zako sikukuu," alisema Si Ghali, yaani Bwana Ghali, mkuu wetu. "Au umeolewa na hilo kabati?"

"Nani alikiangusha?"

"Shetani. Mfungulie faili."

Nilicheka, nikakiweka chini ya hadubini. Kapasita moja, kijisehemu cha kutunza umeme, ndogo kama punje ya ufuta, ilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Katika mchoro wangu nilikuwa nimeilaza ukingoni mwa bamba la saketi, pale linapokatwa. Bamba lilipopinda, likaivunja mgongo. Kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Nilichora mchoro ule kwa haraka, moyo wangu ukiwa tayari Midelt. Vile sabini na sita vingine vilikuwa na kapasita palepale.

Kuanza upya ni kuchora upya, na mchoraji ni mimi.

Nikaswali Alasiri, nikabaki juu ya mkeka muda mrefu, nikimwomba Mungu anipe njia mbili. Alinipa moja. Nikapiga simu.

"Mama, sikukuu hii sitafika."

"Nani?"

"Itto. Kazi imenishika. Ni breki za gari."

"Hilo gari litapita huku kwetu? Kwenye ile kona ya mlimani?"

"Litapita, mama."

"Basi zishike vizuri, binti. Itto wangu atakuja nalo."

Si Ghali aliisoma ripoti yangu mara mbili, akaitia saini bila mzaha.

Mabamba mapya yalifika wiki mbili baada ya sikukuu. Nilifunga mlango wa kabati, nikasema bismillahi, nikabonyeza kitufe. Kipimo cha joto kikashuka: sifuri, kisha baridi ya Midelt, kisha baridi ambayo Midelt haijawahi kuiona. Nilizihesabu zile taa sabini na saba, nikazihesabu tena, taratibu, kama mtu aliye barabarani anayeyatazama madirisha ya kwao kwa mbali.