Birika la Machipukizi Meupe

Vumbi la Kariakoo huamka mapema. Huamka na mikokoteni, huamka na magunia yanayoburutwa, likapanda polepole hadi usawa wa madirisha, na jua likilikuta huko juu huligeuza likawa na rangi ya chai iliyoiva. Mwaka ule soko jipya lilikuwa bado linanuka saruji, na vumbi lilikuwa jingi kuliko kawaida. Kuruthumu alilitazama kila asubuhi kutoka kibarazani kwake, Mtaa wa Mafia, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, akisubiri birika lichemke.

Alikuwa ameuza chai kwa miaka ishirini na miwili, na chai aliijua kwa macho. Hakupima majani kwa kijiko, hakutazama saa. Aliinua mfuniko, akaangalia rangi. Ikiwa ya njano, bado. Ikiwa nyekundu ya tofali, tayari, mimina. Wachukuzi wa sokoni na mafundi cherehani waliyaamini macho yake, naye aliyaamini kupita kiasi, na huko ndiko yalikotoka yote haya.

Maana siku hizo Kuruthumu alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa Mwinyimvua, mume wake, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Moyo wa Mwinyimvua ulikuwa unaenda mbio. Ulianza siku moja ya Machi akiwa kazini. Akaketi chini katikati ya mitambo miwili, ameshika kifua. Daktari wa hospitali kubwa kule Upanga alimpima kwa mashine, akamwambia aache chai na kahawa, arudi baada ya siku arobaini. Moyo ukitulia, atarudi kwenye mitambo yake. Usipotulia, kiwanda kitampa barua ya kustaafu, na yeye alikuwa na miaka arobaini na minane tu.

Mwinyimvua, mtu wa vikombe vinane kwa siku, akaweka nadhiri. Aliiweka kibarazani, mbele ya wenzake wa bao, kwa sauti ya kusikika: siku arobaini hatagusa chai wala kahawa. Wenzake walicheka, wakamtania kwamba hata wiki hafikishi. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa unamhesabia.

Basi mwone Kuruthumu. Mwone anavyouza chai, na mumewe ameketi nyuma yake, ameupa mvuke mgongo. Mwone alfajiri, kabla ya adhana, anavyonyoosha vidole viwili taratibu, akaviweka shingoni mwa mtu aliyelala, akahesabu. Unaenda mbio. Moyo wa Mwinyimvua unaenda mbio, na yeye hana la kufanya ila kuhesabu.

Chumba cha pili kwenye korido alipanga Candida, mwanamke wa Mufindi aliyeuza viazi sokoni. Aliporudi kutoka kwao safari ile, alimletea Kuruthumu zawadi katika kifurushi cha karatasi: machipukizi ya chai, yale ya nchani kabisa ambayo hayajafunguka kuwa majani, yameanikwa yakakauka yenyewe. Yalikuwa meupe, yana manyoya laini kama sikio la paka. Candida alisema mama yake huyanywa kila asubuhi, na mwili wake mwepesi, tumbo halimsumbui, hata meno anayo yote. Chukua kidogo tu, alisema, kiasi cha ncha za vidole vitatu, umwagie maji yaliyopoa kidogo, usikawize, unywe. Kesho yake akapanda basi kurudi kufuata viazi vingine.

Kuruthumu aliyajaribu. Maji yalibaki vilevile, meupe, yananukia majani baada ya manyunyu. Akayatazama kwa macho yake yale ya miaka ishirini na miwili, macho yaliyojua kwamba chai kali ni nyekundu na chai laini ni njano, na kwamba isiyo na rangi hata kidogo haina cha kumfanya mtu. Nyeupe hii, alijiambia, itamdhuru nini?

Akampelekea mumewe kikombe. Alimwambia ni dawa ya majani kutoka bara, ya kutuliza moyo. Neno chai hakulitaja. Mwinyimvua akanywa, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Tangu Machi Kuruthumu hakuwa amemwona akishusha pumzi namna ile, akafurahi hata machozi yakamlenga.

Lakini mkono wa muuza chai una mazoea yake. Siku ya tatu macho yalikataa: hii haijaiva. Akairudisha jikoni, akaichemsha. Siku ya tano akaongeza konzi nzima. Ikatoa rangi ya asali, naye akaridhika kidogo, akaonja kikombe kizima kama alivyoonja kila birika maishani mwake, ndipo akampa mgonjwa. Nyeupe hiyo, itamdhuru nini?

Na moyo ukazidi mbio.

Ukazidi, Kuruthumu akazidisha dawa. Kikombe cha asubuhi, kikombe cha adhuhuri, kikombe cha alasiri. Mwinyimvua akaanza kutembeatembea uani kama mtu aliyepoteza kitu, akienda juani, akirudi kivulini, akienda tena. Alfajiri vidole shingoni: mbio. Adhuhuri akilala kidogo, vidole shingoni: mbio. Maskini Kuruthumu, alikuwa anamkimbiza mgonjwa wake kwa mikono miwili yenye huruma, na kila alipomwona anakimbia alimwonea huruma zaidi.

Naye mwenyewe usingizi ulimhama. Mkono ulimtetemeka akimimina, chai ikamwagikia sahani, wateja wakamtazama. Alishtuka mlango ukigongwa, alishtuka redio ikiwashwa, alishtuka hata kwa ukimya. Alihesabu siku zilizobaki, ishirini, kumi na tano, kumi, na kila siku iliyopungua ilimkaza kifuani. Alisema ni wasiwasi wa mume, nani asingekuwa nao.

Siku ya thelathini na tisa Candida akarudi. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akachuchumaa karibu na jiko kupumzisha mgongo. Birika lilikuwa linatokota. Akainua mfuniko, akakuta machipukizi yake yanapanda na kushuka kwenye maji ya rangi ya asali.

"Dada, unayapika?"

Kuruthumu akamweleza yote, tangu Machi, tangu nadhiri, tangu kikombe cha kwanza. Candida alisikiliza akiwa bado ameshika mfuniko. Alikuwa amejua kwamba Mwinyimvua, Baba Sitara kama alivyomwita, anaumwa. Hakujua kama ni moyo, na zawadi alidhani inanywewa na mwenyewe aliyepewa.

"Hiyo ncha ndiyo kali kuliko majani mengi ya chini yake," akasema. "Shambani tulikuwa tunatafuna mbili tatu asubuhi, tusisinzie. Ndiyo maana nilikwambia vidole vitatu."

"Kali vipi, nayo nyeupe?"

"Weupe wake ni uchanga tu, dada. Si upole."

Kuruthumu alilibeba birika kwa kitambaa, akalimwaga lote mtaroni, na kifurushi kilichobaki akakitupa humohumo. Halafu akakaa chini. Kesho ilikuwa hospitali. Akinyamaza, mashine itasoma chai na daktari ataiita ugonjwa, na mitambo ya Mwinyimvua itashikwa na mtu mwingine. Akisema, Mwinyimvua atajua kwamba ile nadhiri aliyoitamka mbele ya wenzake, aliyoilinda akipita mbele ya wauza kahawa wa mtaa mzima, imevunjwa kila siku na mkewe kwa kikombe cha dawa. Jioni ile alifungua kinywa mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza kama kanzu ipigwe pasi. Mara ya pili aliuliza kama maji ya kuoga yanatosha. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Tuseme kweli, aliogopa uso wa mumewe.

Asubuhi walikwenda Upanga kwa miguu. Mwinyimvua alilazwa kwenye kitanda chembamba, akafungwa nyaya, mashine ikachora karatasi yake ndefu. Daktari aliisoma mwanzo hadi mwisho, akairudia. Hakupenda alichokiona. Akauliza habari za chai na kahawa.

Mwinyimvua akainuka, akanyoosha kifua.

"Sijagusa, daktari. Siku arobaini kamili. Muulize mke wangu."

Ewe Kuruthumu, hapo ungejificha wapi? Daktari aligeuka. Mwinyimvua aligeuka pia, uso umetulia, uso wa mtu aliyemleta shahidi wake anayemwamini.

"Amekunywa chai," Kuruthumu akasema. "Kila siku. Nimempa mimi, nikamwambia ni dawa."

Aliyasema yaliyobaki akiitazama sakafu. Daktari hakumkaripia. Alisema majani yale si sumu, na wanaoyasifia huenda wana sababu zao. Mtu mwenye moyo mtulivu anaweza kunywa kikombe chake kwa amani. Lakini machipukizi machanga yana kafeini nyingi, ile inayoamsha, na kuyachemsha kunaitoa yote ikaingia kwenye maji. Rangi haipimi kitu hapo. Karatasi ile, alisema, haiwezi kuhukumu moyo wa mtu. Atakiandikia kiwanda kisubiri wiki tatu, na wiki hizo Mwinyimvua anywe maji.

Kutoka Upanga hadi Kariakoo Mwinyimvua hakusema neno. Kuruthumu alifuata nyuma hatua mbili, akiutazama mgongo wa kanzu. Alikuwa amezoea kuogopa moyo wa mumewe. Sasa aliogopa kimya chake, na kimya hakina mahali pa kuweka vidole ukahesabu.

Kibarazani wenzake wa bao walikuwa wanamngoja. Mmoja akauliza, vipi, nadhiri imetimia?

"Bado," Mwinyimvua akasema. "Naanza upya leo."

Hakueleza kwa nini, na wao kwa kumwangalia usoni hawakumdadisi. Akapita ndani. Kuruthumu alisimama kwenye korido, kisha akaingia naye, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Leta mkono."

Akampa. Mwinyimvua akaweka vidole viwili juu ya kifundo, pale penyewe, kama mtu aliyefundishwa. Akahesabu. Akaacha, akaanza tena.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaonja kila birika," akasema. "Wako unaenda mbio kuliko wangu, Mama Sitara."

Kuruthumu alitaka kuomba radhi, akaanza, naye akamzuia kwa ishara ya kichwa. Alikuwa katikati ya hesabu. Midomo yake ilitikisika, ishirini na sita, ishirini na saba, na vidole vyake havikuuachia mkono, naye Kuruthumu akajitahidi kukaa kimya asije akampoteza.