Jike la Pekee la Grisette

Delvina Sirois hakuwa mwongo. Ndiyo maana alipoamua kudanganya alikosa kipimo, kama mtu asiyejua kupika akipewa kopo la chumvi.

Alikuwa mjane wa Onezime Sirois, na Onezime ndiye aliyeuanzisha ule ukoo wa mbwa wa bigli ambao sisi wa bonde la Mto Saint John tulikuwa tukiusema kama watu wengine wanavyosema ukoo wa wafalme. Mbwa wafupi, masikio ya kufagia chini, pua ya kufuata sungura wa theluji katika kinamasi cha mierezi kuanzia asubuhi mpaka wewe mwenyewe unaomba kwenda nyumbani. Huku tunalima viazi kwa sababu lazima mtu ale. Theluji ya kwanza ikianguka, mazungumzo ya viazi yanakufa, yanabaki ya mbwa tu.

Onezime alikuwa na sheria moja: dume utauza, jike halitoki uani. "Mwenye dume ana mbwa," alikuwa akisema, "mwenye jike ana ukoo." Akafa nayo, na Delvina akaishika.

Sasa jike aliyebaki alikuwa Grisette, na Grisette alikwisha kuzeeka. Delvina akampeleka kwa Jupiter, dume la Clovis Theriault, kwa kuwa madume mengine yote ya karibu yalikuwa wajomba au kaka zake. Kwa desturi yetu mwenye dume la kupandisha hadai chochote. Watoto wakiacha ziwa anakuja, anachagua mmoja kabla ya mwenye mama, amtakaye, na hakuna kununa. Mtu mwenye akili husema mapema: utachagua katika madume. Delvina hakusema. Grisette siku zote alizaa majike tele, ikaonekana hakuna haja.

Safari hii alizaa madume manne na jike mmoja. Tena alizaa kwa taabu, daktari wa mifugo akaitwa, akamuokoa mama lakini kizazi akakitoa. Basi hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa sisi tuliokimbia shule: yule mtoto jike akienda, ukoo wa Sirois umekwisha.

Na mchaguaji ni Clovis. Clovis alikuwa binamu wa marehemu, na kwa miaka mingi alimwomba Onezime jike akanyimwa. Wapo wanaosema aliomba na siku ya mazishi.

Delvina akafanya mambo mawili. La kwanza, yule jike, aliyemwita Fifine, alimtoa bandani akamweka jikoni, asionekane na wapita njia wala asipigwe na baridi. La pili alilifanya klabuni kwetu wafuga bigli, Jumamosi ya maharage yanayopikwa shimoni usiku kucha, wakati vyungu vinafukuliwa na watu wote wamepanga mstari na sahani.

"Madume yangu safari hii, jamani, simba," alisema kwa sauti ya kutosha kufika mwisho wa mstari. "Hasa Bruno. Yule jike ndiye masikini. Mwoga wa bunduki."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Huku kwetu afadhali useme mbwa wako ana kichaa. Mbwa wa kuwinda anayekimbia mlio wa bunduki hana kazi, na katika mashindano yetu ya porini hutolewa kabla sungura hajatimuliwa mafichoni. Tena sheria ya klabu kwamba jike mwoga asizalishwe kabisa aliileta Delvina mwenyewe. Alisimama humo ukumbini akasema hofu ya bunduki imo katika damu, haimo katika mikono ya mfugaji. Wa kwanza kuonja sheria hiyo alikuwa jike wa Gaspard Daigle, mwenyekiti wetu. Gaspard aliapa kwamba mbwa wake alishtuliwa utotoni na mbao zilizoanguka ghalani. Delvina akamjibu, "Kila mwenye mbwa mwoga ana mbao zake zilizoanguka," na watu wakacheka mpaka Gaspard akacheka naye, kwa shida.

Kwa hiyo Delvina aliposema mwoga, alijua anachokitafuta. Hakuna mfugaji ambaye angemgusa Fifine. Uongo mzuri, ila mbwa mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

Maana Fifine wakati huo alikuwa haogopi kitu. Delvina alikuwa akiburuta ngozi ya sungura juu ya sakafu ya jikoni, anaizungusha nyuma ya jiko, anaipitisha chini ya meza, na yule mtoto anaifuata hatua kwa hatua, anapoipoteza anarudi nyuma mwenyewe kuitafuta, na anapoipata analia kwa sauti ndefu ya shaba kama ya bibi yake. Delvina alikaa juu ya kiti akafuta machozi kwa aproni. Tangu siku hiyo akamtunza kama yai, asishtushwe na chochote. Akavaa soksi za sufu ndani ya nyumba. Birika la filimbi akalifungia kabatini. Redio aliisikiliza kwa kuibandika sikioni. Mgeni akija, kabla ya salamu anaambiwa, "Taratibu na mlango!" Huko bandani madume wanne walikuwa wanalelewa kama anavyolelewa kila bigli: chakula kinaletwa na kelele, mifuniko ya sufuria inagonganishwa juu ya vichwa vyao, mpaka kelele na nyama vinakuwa kitu kimoja.

Siku ya kuchagua Clovis alikuja na kofia ya Jumapili. Gaspard na mimi tulikuwa mashahidi.

"Shemeji, karibu," Delvina alisema. "Umekonda. Mkeo amekuchoka?"

"Amenichoka tangu mwaka wa kwanza, shemeji, ila ananipikia. Haya, nionyeshe wanangu."

"Wanao? Mwanao ni Jupiter. Hawa wana mama yao."

Madume wakatolewa. Clovis akawaburutia ngozi kwenye nyasi, na Bruno akawaacha wenzake wote nyuma, kichwa chini, mkia juu, analia. Clovis akapiga makofi nyuma yake. Bruno hakugeuka. Delvina akawa anasifu kila hatua, mpaka Gaspard akaninong'oneza kwamba mwanamke huyu hajawahi kusifu kitu tangu alipobatizwa.

Clovis naye alikuwa amezisikia sifa hizo. Akanyoosha mgongo.

"Na yule binti?"

"Wa nini yule? Nimeshasema ni mwoga."

"Nimesikia. Bonde zima limesikia, mpaka ng'ambo ya mto wamesikia." Akatabasamu. "Shemeji, mimi nakujua. Mbwa wako akijificha chini ya kitanda, utasema anatafuta panya. Leo unamtangazia mwanao aibu kwenye foleni ya maharage? Mlete."

Delvina akamleta amemkumbatia kifuani. Clovis akamtazama yule mtoto meno, kifua, miguu, akamweka chini, akamnusisha ile ngozi. Fifine akaifuata mara moja, na akalia. Ile sauti ya shaba. Hata Bruno alisimama.

"Ahaa," akasema Clovis polepole. "Basi mimi nimechagua..."

"Mwoga!" Delvina akapiga kelele. "Clovis, nakwambia ni mwoga!"

"Tutaona." Akatoa mfukoni bastola ya fataki, ile ya kuchezea watoto, akaielekeza juu, akafyatua. Pa! Mlio wa kuvunja kijiti.

Fifine akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akajikojolea, akapita katikati ya miguu ya Gaspard, akaingia chini ya rundo la kuni, na tukamsikia huko ndani akitetemeka mpaka magome yanaanguka. Katika maisha yake yote alikuwa hajasikia kitu kikigonga kitu.

Nilimtazama Delvina. Kinywa kilikuwa wazi. Sisi wengine tulidhani ni huzuni ya mama tu. Clovis akavua kofia.

"Nisamehe, shemeji. Nilikudhania uongo." Akambeba Bruno. Bruno akamkojolea buti, naye akacheka, akaondoka.

Hivyo Delvina akapata alichokitaka. Jike alibaki uani.

Gaspard akabaki naye kidogo, akamshika bega. Alikuwa na huruma ya kweli, na labda na kitu kingine kidogo. "Sheria ni sheria, Delvina. Nitazungumza na daktari amfunge kizazi, usisumbuke wewe. Damu ndivyo ilivyo."

Hapo ndipo Delvina alipoona alipokwama. Akisema damu ni nzima, kosa ni soksi na birika, atakuwa amekiri kwamba alimdanganya mchaguaji, na kwa desturi mchaguaji aliyedanganywa huchagua upya. Akinyamaza, jike ni wake, lakini ni jike asiyeruhusiwa kuzaa, na ukoo wenyewe unazikwa na jina la uoga. Alilifikiria jambo hilo wiki nzima. Kisha Jumamosi akasimama mbele ya vyungu, sahani mkononi.

"Nilisema uongo," alisema. "Fifine hakuwa mwoga. Nimemfanya mwoga mimi. Nilimficha jikoni ili Clovis asimwone, humo nikamlea bila kelele, nikatangaza uoga ili asimtake. Damu haina kosa."

Kisha kutoka nyuma mtu akauliza kwa upole, "Hakuna mbao zilizoanguka, Delvina?"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakashika meza. Delvina akajaribu kusema juu ya soksi, wakacheka zaidi. Akasema juu ya birika, mzee mmoja akapaliwa na maharage. Kila mfugaji humo ndani alikwisha kusimama siku moja akatoa sababu kama hiyo, na kila mmoja alinyamazishwa na huyuhuyu mama. Hakuna hata mmoja aliyemwamini. Nakiri hata mimi nilicheka.

Gaspard akagonga meza. "Clovis, unadai kuchagua upya?"

Clovis alikuwa hajacheka. Alimaliza kutafuna ployi yake, ile chapati yetu nyembamba, akafuta siagi mdomoni.

"Bruno analala miguuni pangu," akasema. "Mke wangu anampikia yeye kwanza. Sichagui tena."

"Lakini nimekudanganya!" Delvina akamfokea. "Chagua, ewe mwanamume! Ukichagua ndiyo wataamini!"

"Kaa ule, shemeji. Yanapoa."

Alikataa kula, akamwomba Gaspard daktari angoje mpaka theluji iyeyuke. Akarudi nyumbani, akalitoa birika kabatini. Siku ya kwanza aligonga kijiko kwenye kisahani, chumba cha pili, mlango umefungwa. Fifine akakimbilia chini ya jiko. Akagonga tena wakati wa kula, na tena, kila siku akisogeza kisahani karibu kidogo. Majira ya baridi yakaingia. Mashindano yakapita bila wao, na Bruno akashika nafasi ya pili, na wote wakasema, loo, damu ya Jupiter hiyo.

Asubuhi moja Clovis akapita na gari lake kuleta paja la kulungu. Delvina alikuwa jikoni na vifuniko viwili vya sufuria, Fifine akila katikati ya sakafu, mgongo umekunjwa, sikio moja limesimama. Clovis akawaona kupitia dirishani. Akashuka, akaushika mlango wa gari kwa mikono miwili, akausukuma polepole kwa nyonga usitoe hata mlio.

Dirisha likafunguliwa.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Naogopa kumshtua, shemeji."

"Bamiza!" Delvina akapiga kelele. "Bamiza huo mlango kama mtu mzima!"

Clovis akamtazama. Kisha akaufungua mlango wote, akaubamiza mpaka theluji ikaanguka kutoka paani. Fifine akatoweka chini ya jiko. Delvina akasimama, vifuniko mkononi.

Baada ya kitambo ikatokea pua. Kisha kichwa. Akalitazama dirisha, akaitazama sahani, akatoka akala.

"Tena," akasema Delvina.