Kifua cha Nelfry

Nelfry Santana, mdakaji wa besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alikuwa na miaka kumi na tisa, na mkono wake ulijulikana mji mzima. Mkimbiaji wa timu pinzani akichomoka kwenda kuiba kituo cha pili, alikuta mpira umeshafika unamsubiri. Shida ilikuwa mipira ya chini. Hiyo ilimpita miguuni kama kuku wanaoingia jikoni, na wenzake wakambandika jina: Lango.

Aliyewafundisha wadakaji wa timu ile ni mzee Eligio Paniagua. Yeye mwenyewe alidaka besiboli miaka ishirini, na vidole vyake vilipinda kila kimoja upande wake, hata akikuelekeza njia unapotea. Jumatatu moja meneja alimuuliza mzee, Nelfry acheze mechi ngapi kwa wiki.

"Mbili," Eligio akasema. "Zilizobaki apewe mdakaji mwenzake, Fausto."

"Fausto magoti yanalia kama kitanda kibovu."

"Yaache yalie. Lakini hapitwi na kitu."

Mchana Nelfry alikuwa mlangoni kwa mzee, amevimba. Eligio na mkewe, Minerva, walikuwa wanakula wali na maharage.

"Mzee, mbili? Nimekukosea nini?"

"Kaa kwanza, mwanangu," Minerva akasema. "Ila kishike kiti vizuri, nacho kisije kikakupita."

Nelfry hakucheka. "Msimu huu nimekamata wezi tisa, mzee!"

"Tisa, kweli. Na mipira kumi na minne imekupita, watu wakaingia kituo cha nyumbani kuchukua pointi wanatembea. Wewe ni askari wa namna gani?" Kisha Eligio akaweka kijiko chini. "Niambie. Ukidaka wewe, mrushaji wetu Basilio huwa anarusha ule mpira wake unaodondoka mbele ya mpigaji?"

Nelfry akafikiri. Akafikiri tena.

"Harushi," akajibu kwa sauti ndogo.

"Ndio mpira wake mkali kuliko yote, na anaogopa kuurusha kwa sababu yako. Siku yako tunacheza na nusu ya Basilio."

Maneno yale yalimwingia kuliko utani wote wa mwaka mzima. Alikula, akaomba aongezwe, akala tena.

Kesho yake alfajiri Eligio alimvua glavu, akamfunga mikono nyuma kwa taulo, akaanza kumtupia mipira ya mchangani.

"Kifua, kifua! Huyo si mkweo, mbona unamkwepa?"

Siku tano walifanya hivyo. Kufikia Jumamosi kifua cha kijana kilikuwa na rangi za biringanya.

Jumapili magoti ya Fausto yalikataa kabisa, Nelfry akavaa kinyago. Mchezo ulikwenda hadi mzunguko wa mwisho, timu yao ikiongoza kwa pointi moja. Wapinzani walibakiza mpigaji mmoja tu, lakini mtu wao alikuwa kituo cha tatu, na mpira ungepita nyuma angeingia nyumbani na kusawazisha. Mpigaji alikuwa ameshakosa mara mbili; ya tatu ingemtoa. Nelfry akamwonyesha Basilio ishara ya mpira unaodondoka.

Basilio akatikisa kichwa kukataa. Nelfry akarudia ishara ileile, kisha akajipiga kifua kwa ngumi. Basilio akatazama mbinguni kama mtu anayeaga watoto wake, akarusha.

Mpigaji alipiga hewa. Mpira ukagonga mchanga, ukaruka, ukampiga Nelfry kifuani, puu! Lakini mpira uliogonga chini haumtoi mpigaji mpaka aguswe nao, na Nelfry hakujua ulikoangukia. Akazunguka kama mtu aliyepoteza funguo.

"Miguuni pako, Lango!" Basilio akapiga yowe.

Akauokota, akamgusa mpigaji, aliyekuwa bado amesimama anashangaa. Mchezo ukaisha. Eligio alijikuta amemkumbatia meneja, mtu asiyempenda hata kidogo.

Jumatatu meneja akauliza tena: mechi ngapi?

"Tatu," Eligio akasema.

"Nne!" sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Tatu, na ukiendelea kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, mbili na nusu. Nenda kavae, Fausto anakusubiri na ndoo ya mipira."