Mtu wa Kuarifiwa

Haya alinisimulia Eriya mwenyewe, Jumamosi moja ya mwezi wa nne mwaka 1989, nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Bredäng hapa Stockholm. Alikuja kunifungia bawaba ya kabati la jikoni, na alisimulia bisibisi mkononi, amenipa mgongo mwanzo hadi mwisho. Sikumkatiza. Mtu akikupa mgongo akasema, wewe sikiliza.

Yalimpata Januari ya mwaka 1987, kwenye ile baridi iliyopasua mabomba ya watu. Eriya alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwao Jinja alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuunganisha mabehewa, na Kiswahili chake ni cha huko relini, alikiokota kwa Wajaluo, Wakamba na watu wa Tabora. Vurugu za kwao zikamtoa, yeye na jirani yake Sulaiman, wakafika Stockholm wana koti moja la maana kati yao wawili, wakalivaa kwa zamu kila mmoja alipokwenda kuomba kazi. Sulaiman alipopata nyumba Hjulsta, kule treni ya chini ya ardhi inakoishia, na mkewe Mastula akamfuata, Eriya akatandikiwa godoro sebuleni. Akakaa miaka minne. Mmoja anasali Ijumaa, mwingine Jumapili, sufuria ni moja.

Kisha Mastula akajifungua mapacha, juu ya watoto watatu aliokuwa nao. Hakuna aliyemwambia Eriya neno, na hilo ndilo lililomwuma. Usiku alimsikia Sulaiman ananyata kwa ncha za vidole asije akamwamsha. Alisikia mtoto akianza kulia, na Mastula akiwahi kumtia ziwa mdomoni ili mgeni alale. Ikawa miezi hiyohiyo kile kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali alichofanyia kazi kimefungwa. Mgeni mwenye akili zake hangoji ufagio umpitie miguuni. Akawaambia:

"Nimepata chumba. Södertälje, karibu na kiwanda cha malori."

"Cha nani?" akauliza Sulaiman.

"Cha Mturuki mmoja."

"Twende basi nikakione."

"Utakiona nikishatundika pazia."

Mastula akaangua kicheko. "Shemeji, wewe na pazia wapi na wapi! Sema tu umepata mchumba huko."

Wakacheka wote, na Eriya akatoka na begi lake huku wakimcheka. Chumba hakikuwepo. Alidhani wiki moja ingetosha kukipata.

Siku ya tisa akaenda sosiali, ndivyo watu wetu huku wanavyoiita ofisi ya ustawi wa jamii. Alikuwa amesikia kwamba manispaa ina nyumba za kulaza watu wasio na makao: kitanda, shuka, supu, asubuhi unatoka. Lakini mlangoni hupokelewi mikono mitupu, sharti uwe na karatasi ya sosiali. Kiswidi chake kilikuwa cha kiwandani, cha "leta" na "peleka" na "angalia, moto", kwa hiyo wakamwitia mkalimani. Mlango ukafunguka akaingia Domina, Mtanzania aliyekuja kusomea uuguzi. Eriya alikwisha kumwona kwenye harusi mbili. Moyo ukamshuka. Heri angekuwa mtu wa mbali, asiyemjua hata kwa sura!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mama wa sosiali, aliyevaa sweta ya kijani, hakuwa mtu mbaya. Alimmiminia kahawa kabla ya kumwuliza lolote. Kisha akauliza, na Domina akageuza kwa Kiswahili: "Anauliza, kuna mtu yeyote hapa mjini unayeweza kulala kwake?"

Swali dogo. Ila kwetu swali hilo lina jibu moja. Anayesema hana mtu, ama amewazika wote, ama wamemtema kwa jambo la aibu, ama anawalaani yeye mwenyewe. Eriya akakaa sawa kwenye kiti.

"Mwambie nina ndugu wengi. Yuko Sulaiman, Hjulsta. Na wengine. Mimi si mtu wa kuokotwa."

Domina akamtazama kidogo, kisha akageuza neno kwa neno. Yule mama akaandika huku akitabasamu.

"Vizuri sana. Vitanda vyetu ni vichache, tunawapa wale wasio na mtu. Au amekufukuza?"

"Nani? Sulaiman anifukuze mimi?"

"Basi unaweza kurudi kwake."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Si nimesema, hajanifukuza."

Mama akaiweka kalamu chini. "Domina, una hakika umeyageuza maneno yake sawasawa?"

"Neno kwa neno," akasema Domina.

Akaambiwa arudi Alhamisi, wao waliangalie tena jambo lake. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Siku zile tatu alikaa ndani ya treni. Alipanda ya kwenda Södertälje, akifika anavuka jukwaa, anarudi mjini, anakwenda tena. Alisema angalau mtu akikutana naye akamwuliza umetoka wapi, angejibu Södertälje na asingekuwa amesema uongo. Treni zikikoma usiku, alitembea. Ukisimama kwenye baridi ile unaganda, kwa hiyo alitembea tu, daraja hadi daraja, mpaka gari la kwanza la asubuhi.

Jumatano jioni miguu ikampeleka Hjulsta. Akasimama kwenye vyuma vya kufungia baiskeli akaangalia juu, ghorofa ya nne. Taa inawaka. Kivuli cha Mastula kilipita dirishani, mtoto begani, kikaenda, kikarudi. Mlango wa chini ulikuwa wazi. Hakuna kilichomzuia kupanda isipokuwa ule mdomo wake uliosema pazia. Angewaambia nini? Wangemkumbatia, wangelia, na godoro lingetandikwa palepale, na watu saba wangelala vyumba viwili na yeye wa nane. Akarudi stesheni. Usiku huo vidole vya mguu wa kushoto viliacha kumwuma, akajua si heri.

Alhamisi alimkuta Domina amekaa kwenye benchi la ukumbini kule sosiali, anangoja kuitwa.

"Mzee, umelala wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani hao wanaokulaza na viatu vyenye barafu?"

Akakung'uta barafu kiatuni. Halafu akasema, "Mwanangu, ungekuwa wewe, ungesema nini mle ndani?"

"Mimi mle ndani ni mdomo tu, mzee. Mdomo haumshauri mtu." Akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Ila nikitoka mle sikumbuki kitu. Hata mume wangu simwambii. Ndivyo tulivyoapishwa."

Wakaitwa. Kahawa ileile, sweta ileile, swali lilelile. Eriya akaangalia viatu vyake.

"Sina mtu."

Mama akamgeukia Domina, akangoja. Domina akakohoa kidogo, ndipo akasema kwa Kiswidi, na Eriya akasikia jinsi neno lenyewe lilivyo fupi hata kwa lugha ya wenyewe.

"Na yule wa Hjulsta?"

"Si ndugu yangu. Tunatoka nchi moja tu, basi."

Muhuri ukapigwa. Karatasi ya wiki mbili. Ukumbini Domina alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema tu, "Wahi, mzee. Wanafungua saa moja jioni."

Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa kusini wa mji, jengo la matofali, mlango uko chini ya usawa wa barabara. Wanaume walipanga foleni kwenye theluji bila kusemezana. Ndani mlinukia sufu iliyolowa na supu ya njegere, maana Alhamisi nchi nzima inakula supu ya njegere. Mlinzi wa zamu, mnene mwenye ndevu, alikaa mezani na fomu. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Una ugonjwa? Unatumia dawa? Eriya akajibu kwa Kiswidi chake kilekile cha kiwandani, mambo yakaenda. Mlinzi akafika mstari wa chini.

"Mtu wa kuarifiwa. Likikupata jambo, tumpigie nani?"

Alielewa vizuri. Na namba ya simu ya Sulaiman aliijua kama anavyojua Baba Yetu, ilikuwa namba yake mwenyewe miaka minne. Ilikuja yote mpaka kwenye ulimi. Lakini akafikiri: karatasi hii na karatasi ya yule mama si zinalala kesho ndani ya faili moja? Nikitaja mtu, kitanda kimekwenda.

"Hakuna," akasema.

"Ndugu? Rafiki? Mtu wa kazini?"

"Hakuna."

"Nikiacha wazi, mkubwa wangu ananirudishia fomu. Nipe jina lolote."

Mstari ulikuwa mweupe, mrefu, unangoja. Nyuma watu wakaanza kuguna, supu inapoa. Ndipo sauti ya kukwaruza ikasema, "Niandike mimi."

Alikuwa Mfini mmoja mrefu, kofia ya masikio, meno machache.

"Wewe, Veikko?" Mlinzi akacheka. "Wewe huna hata simu. Unalala kitanda cha sita."

"Na yeye unampa cha saba. Likimpata jambo, nitikise bega. Mtaokoa hata pesa ya simu."

Foleni nzima ikacheka. Mlinzi akaandika. "Uhusiano?"

"Jirani."

Akafuata Veikko mwenyewe. Mlinzi akamwuliza kama bado ni yule dada yake wa Åbo, kule kwao Ufini.

"Tulimzika Oktoba," akasema Veikko. "Andika huyu. Wewe, unaitwa nani?"

Wakala supu. Taa zikazimwa. Wanaume kumi na wawili katika chumba kimoja, mmoja anakoroma, mmoja anasema na mkewe aliyemwacha, mmoja anakohoa kama anapasua kuni. Shuka lilikuwa safi na godoro lilikuwa kavu. Vidole vya mguu vikaanza kumwuma tena, akamshukuru Mungu. Lakini usingizi haukuja.

Alijaribu kujiambia kuwa neno la ofisini ni la ofisini. Moyo haukukubali. Alikuwa amemkana Sulaiman mara mbili kwa siku moja, tena kwa mdomo uliokula chakula chake. Na akifa humu usiku huu? Watamtikisa Veikko. Veikko atasema pole, atageuka upande wa pili. Jumapili Mastula, akidhani anakuja kuwasalimu, atapakua sahani ya ziada, aseme shemeji leo amechelewa treni.

"Veikko," akanong'ona.

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi lala."

"Veikko, sikiliza. Wakikuamsha, kuna mtu. Sulaiman. Hjulsta."

Kitanda cha sita kikalia. "Ulisema hakuna."

"Karatasi, hakuna. Mimi, yuko."

Veikko akafikiri gizani. Hakuuliza kwa nini. Labda naye aliwahi kuwa na mtu wa namna hiyo. "Sule nani?"

"Sulaiman. Ana simu." Akaitaja namba, tarakimu moja moja, kwa Kiswidi. Veikko akairudia, akakosea, akarudishwa, akairudia.

"Kesho nitakuwa nimesahau."

"Kesho jioni nakwambia tena."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa kweli mimi sasa ni ofisi," akasema Veikko, akaanza upya, polepole, kama mtoto anayetumwa dukani. Katikati ya namba sauti ikazama, na badala ya tarakimu ukaja mkoromo. Eriya akamalizia mwenyewe mbili zilizobaki, akavuta blanketi mpaka sikioni, akalala.