Zamu ya Kuoga Nyumbani kwa Nishiwaki

Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, Fusae Nishiwaki alikuwa jikoni akikwaruza figili ya kuweka kando ya samaki, mashine ya maji moto ikatangaza kwa sauti yake ya kike kwamba hodhi limejaa. Mumewe, Katsuhiko, akakunja gazeti akaenda bafuni. Alijisugua na kujisuuza nje ya hodhi, kama watu wote wa mji wao, Amagasaki, wanavyofanya, kisha akafunua kifuniko akaingia majini kupumzika. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na yalinuka yai bovu. Dirishani, ambapo siku zote huonekana kiyoyozi cha jirani yao, Bi Okubo, palikuwa na bonde, na theluji ilikuwa ikidondoka taratibu juu ya misonobari.

"Mama Chizuru!" akaita. "Leo ni Okuhida!"

"Usikae sana," Fusae akajibu kutoka jikoni. "Una presha."

Katsuhiko hakuwa na shaka kwamba ni Okuhida, chemchemi ya milimani waliyowahi kwenda zamani. Aliujua hata ule msonobari uliopinda, kwa sababu aliwahi kutundika kofia yake hapo akaisahau. Kofia ilikuwa bado ipo.

Mtu huyu hakuwahi kupenda mpira, wala pombe, wala kamari. Alipenda chemchemi za maji moto. Miaka yote aliyofanya kazi katika kiwanda cha vali, likizo ya vuli ikikaribia alitandaza juu ya meza ya chakula kile kitabu kinene cha ratiba za treni, na binti yake Chizuru, mdogo wakati huo, akafuata njia za reli kwa kidole mpaka kidole kikawa cheusi. Watapanda hii, watashuka pale, watanunua chakula cha boksi kwenye kituo fulani ambako wali hupikwa pamoja na kaa wa baharini. Mama yake Katsuhiko, Bibi Tome, alikaa pembeni akilalamika kwamba treni zina upepo, na kila mwaka alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Zilikuwa jioni njema, na asitokee mtu akasema hazikuwa njema. Ukipita nje ya nyumba ile ulisikia kicheko.

Baadaye Bibi Tome alikufa, Katsuhiko akastaafu, magoti yakamsaliti, na vituo vya treni vina ngazi. Safari zikaisha. Chizuru aliolewa, akaachika, akarudi kwa wazazi wake na sanduku moja, sasa anauza miwani karibu na stesheni. Chemchemi zikabaki kuwa mazungumzo, mpaka Jumanne ile.

Katika nyumba ya Nishiwaki, kama katika nyumba nyingi za umri wao, maji ya hodhi ni yaleyale kwa wote, na watu huingia kwa zamu. Baba hutangulia. Akiwapo mgeni, hufuata mgeni. Halafu mtoto, hata akiwa na mvi mbili tatu. Mama huingia mwisho, na akishatoka husugua hodhi. Hakuna aliyewahi kuketi akapanga hivyo.

Kwa hiyo usiku ule Chizuru aliingia wa pili, akaikuta Okuhida, theluji na yote, akakaa humo hadi vidole vikanyauka. Fusae alipoingia alikuta maji ya bomba ya uvuguvugu, na kiyoyozi cha Bi Okubo.

"Yamepoa kidogo," alisema alipotoka, akaenda kuloweka mchele wa asubuhi.

Jumatano hodhi likatoa Kinosaki, na barabara yake ya mierebi. Alhamisi likatoa Beppu, ambako waliwahi kwenda kwa meli, na matope ya kijivu yakabaki kwenye nyayo za Katsuhiko akayatembeza hadi sebuleni. Fusae akayapangusa. Chakula cha jioni kilianza kuchukua muda mrefu. Baba na binti walikula wakikumbushana.

"Unakumbuka ulivyotumbukia na soksi?"

"Ulinisukuma, Baba!"

"Nani, mimi? Uliteleza kwa uroho, ulikuwa unakimbilia yai la kuchemsha."

Fusae akawaongezea wali, akacheka nao. Kicheko chake kilikuwa cha kweli. Alizipenda hadithi zile, na alizijua zote, kama unavyozijua hadithi ulizosimuliwa.

Ijumaa alikuja Bi Okubo na kikapu cha machenza, maana mtu haendi kuoga kwa jirani mikono mitupu. Alikuwa amenusa yai bovu kupitia dirisha lake. Wakampisha aingie wa pili, kama mgeni. Alitoka macho mekundu. Yeye hakuona chemchemi yoyote ya akina Nishiwaki. Alikuwa Atami, mwaka wa harusi yake, na marehemu mumewe alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi akiimba.

"Bado anaimba vibaya," akasema, akaomba kurudi wiki ijayo.

Ndipo wakaelewa kwamba hodhi humrudisha kila mtu kule alikokuwa yeye. Kwa Fusae, wakasema, bila shaka linakuwa limechoka, kwa kuwa ni wa mwisho. Wakaona ni bahati mbaya tu, wakaendelea kula machenza.

Jumamosi lilitoa Shirahama.

Hapa lazima niseme jambo. Katika safari zote zile, Shirahama ndiyo pekee aliyoichagua Fusae. Alizaliwa milimani Yoshino, ambako maji makubwa kuliko yote ni mto wa kuvuka kwa mawe, na alikuwa ameona kwenye kalenda picha ya watu wameketi katika maji moto miambani, mawimbi ya bahari yakiwarukia mabegani. Alitaka kitu hicho kimoja. Walipofika, Bibi Tome akaumwa tumbo, na Fusae akabaki naye chumbani katika nyumba ya wageni iitwayo Isoya, wengine wakateremka miambani. "Tutarudi," Katsuhiko alimwambia, na alimaanisha. Hawakurudi.

Chizuru alipotoka bafuni Jumamosi ile, chumvi ilikuwa kwenye nywele zake. Alichota bahari katika beseni la plastiki akaibeba mbiombio hadi jikoni, povu likitikisika. Alipoifikisha mbele ya mama yake ilikuwa maji ya bomba.

"Yaweke hapo," Fusae akasema. "Nitamwagilia maua."

Chizuru akalitua beseni. Alikuwa na hasira na hakujua amkasirikie nani.

"Kesho Mama anatangulia," akasema.

Katsuhiko akainua macho kutoka kwenye samaki wake. "Anatangulia wapi?"

"Kuoga."

"Kabla yangu?"

"Kutangulia ni huko, Baba."

"Ah, mwacheni mzee aoge," Fusae akasema. "Mimi nina vyombo. Halafu maji mapya humuuma mtu mzima ngozi. Wazee walisema."

"Walisema wazee waliokuwa wanatangulia."

Katsuhiko hakuwa mtu mbaya. Aliwaza, akatafuna, akasema sawa, hata yeye alitaka mkewe aione Shirahama. Alisema hivyo kwa furaha kabisa, kama mtu anayegawa kilicho chake.

Jumapili Fusae alipika mapema, akafunika kila sahani, akakagua gesi, akazima, akakagua tena. Mashine ilipotangaza, alisimama mlangoni mwa bafu na kuuliza kama kuna anayehitaji chochote. Chizuru akamsukuma ndani taratibu.

Maji yalikuwa moto. Hilo ndilo la kwanza alilogundua, kwamba maji ya nyumba yake kumbe huwa moto namna ile. Hayakuwa na rangi wala harufu. Akaegemea, akatazama dirishani.

Palikuwa na chumba cha Isoya. Mikeka, mlango wa karatasi, sinia la chai na kitafunwa kimoja kimoja pembeni. Bibi Tome amelala kwenye godoro, anakoroma kidogo, dawa yake karibu. Ukutani yamepangwa mabegi ya watu wote, na juu ya mto wa kukalia, kimono za kulalia za wengine zimekunjwa zikiwasubiri. Bahari haikuonekana, kwa kuwa kile chumba kilitazama upande wa maegesho. Lakini ilisikika. Na katikati ya mawimbi zikasikika sauti za mwanamume na mtoto wakihesabu, wimbi la tatu, wimbi la nne, na mtoto akipiga ukelele kila linapowapiga.

Baadaye chumba kikabadilika. Kikawa cha Okuhida, kikawa cha Kinosaki, kikawa cha Beppu. Vyote alivitambua kwa vikombe vya chai. Si kwamba hakuoga safarini. Alioga kila mahali, upesi, saa ambayo wengine wamekwisha shiba na kulala, sikio likiwa mlangoni. Lakini hodhi humrudisha mtu kule alikokuwa hasa, na Fusae hasa alikuwa chumbani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Huyu alikuwapo, tena kila safari, na lake halikuwapo vilevile.

Alipotoka, uso ulikuwa mwekundu kwa moto wa maji. Walikuwa wamemsubiri wote wawili kwenye ujia.

"Umeiona bahari?" Chizuru akauliza.

"Nimeisikia. Ilikuwa na nguvu siku ile. Mlikuwa mnacheka sana, nyie." Akajifuta shingo. "Baba yako alikuwa anahesabu mawimbi. Aliruka la saba."

Katsuhiko akamgeukia mkewe. "Mama yangu ndiye alikuwa anaumwa, sivyo?"

"Ndiye."

"Na Kinosaki?"

"Kinosaki uliumwa wewe asubuhi. Jioni nilikuwa nafua ulichotapikia."

"Okuhida je?"

"Okuhida hakuumwa mtu," Fusae akasema. "Nilikuwa nasubiri tu mkirudi mkute chai."

Chizuru akamtazama mama yake, akahisi kulia, akalia. Fusae akampigapiga mgongoni, akamwuliza kama kuna kitu kazini.

"Tutarudi Shirahama," Katsuhiko akasema. Alimaanisha, kama alivyomaanisha zamani.

"Tutarudi," Fusae akasema. "Nenda uoge, yatapoa."

Akaenda. Alipotoka alisema yamepoa kidogo, na wote watatu wakakubaliana kwamba Novemba ni baridi.

Mazoea yana taabu. Jumatatu hakuna aliyekumbuka kupanga lolote. Mashine ilipotangaza, Fusae alikuwa na samaki motoni, na samaki hamsubiri mtu. "Tangulia, Baba Chizuru," akasema, na yeye akatangulia. Alisita mlangoni kwanza, nadhani ni haki kulitaja hilo. Kisha akaita kwamba ni Shirahama tena.

Chizuru aliingia baada yake. Bahari ilikuwa pale pale, kubwa, ikirusha povu juu ya mwamba, na maji ya moto yalimfika kidevuni. Alikuwa amekusudia kuyachukia na hakuweza. Yalikuwa mazuri mno, na yalikuwa ya utoto wake. Nyuma ya ukuta wa mianzi, juu, mahali penye ujia wa Isoya, akasikia ndara zikipita haraka haraka, hatua za mwanamke kijana mwenye mikono iliyojaa.

"Mama!" akaita kwa nguvu. "Mama, njoo!"

Hatua zikasimama.

"Taulo nimeshaweka mlangoni," wakajibu wote wawili kwa pamoja, yule wa ujiani na huyu wa jikoni.

Chizuru alikaa mpaka bahari ikatulia, akafungua mlango. Taulo lilikuwapo, kavu, limekunjwa vizuri.