Salamu za Kabati la Joto

Saa moja na nusu asubuhi Mama Deki alikuwa ameshamaliza nusu ya sakafu ya maabara, anakamua tambara, bakteria walipomwamkia. Sauti zilitoka kwenye kabati la joto walimokuwa wakikuzwa, nyembamba, nyingi, kwa pamoja, kama darasa la kwanza mwalimu akiingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, akasogeza ndoo. "Mmeamkaje?"

"Salama, mama."

Walikuwa wametoka puani mwake. Miaka minne nyuma, mafua makali yalipowalaza wafanyakazi wote kasoro yeye, daktari mkuu wa maabara alimchokonoa pua kwa kijiti chenye pamba, akamwambia asante, endelea na kazi. Bakteria wa kwenye kijiti wakalelewa, wakageuzwa chembe zao za urithi, hata wakaweza kuvinasa virusi mlangoni mwa pua kabla havijaingia mwilini. Sasa walikuwa wakijazwa kwenye vichupa vya kupuliza puani.

Daktari alipoambiwa kuwa wanaongea, aliandika: "Wanaongea. Wana adabu." Kisha akabaini kwamba siku ambayo Mama Deki hakufika, hawakuzaliana hata mmoja. Basi kwenye orodha ya kazi zake, chini ya "kusafisha vyoo," ikaongezwa "kuitikia salamu."

Mafua yalipoingia mtaani kwao, Mama Deki aligonga mlango wa ofisi.

"Daktari, naomba kichupa kimoja tu. Mdogo wangu ana kifua kibovu tangu utotoni. Yakimpata, hatoki."

"Orodha ya watakaopewa imeshafungwa, mama. Na hawa ni mali ya kampuni, si yangu."

"Wametoka puani mwangu."

"Ulitia saini."

"Nilitia saini kwamba mmenichokonoa."

"Ndiyo hiyo hiyo," daktari akasema kwa upole, akamfungulia mlango.

Alipokuwa anafuta kabati, bakteria wakamwambia, "Mama, tubebe."

Akatwaa kisahani chao kimoja cha kioo, akakifunga ndani ya kilemba, akaenda zake taratibu hadi getini. Mlinzi, mzee mwenye mvi, alipekua mkoba wake, akaridhika, akanyanyua kizuizi.

"Shikamoo, babu," bakteria wakasema.

"Marahaba," mlinzi akaitikia. Kisha akatazama kilemba, akashusha kizuizi. "Mwanangu, nirudishie. Wakigundua, mimi ndiye nitakayekosa kazi."

Mama Deki akafungua kilemba, akamkabidhi.

Mdogo wake aliugua Ijumaa. Jumanne akazikwa. Jumatano Mama Deki alikuwa kazini, kwa maana likizo ya msiba ilikuwa ya mume, mzazi au mtoto, ndugu hakutajwa.

Kabatini kulikuwa kimya mpaka alipomaliza sakafu.

"Pole, mama," wakasema. "Tungejua, tungenyamaza pale getini."

"Ah, msijilaumu. Mtu mzima haachwi bila kuamkiwa."

Siku ile ndipo mzigo wa kwanza wa vichupa ulipokuwa unatoka. Bakteria wakaanza kulia ndani ya vichupa, na vichupa vikapangwa kwenye makasha vivyo hivyo, vikilia. Makasha yakapandishwa lorini. Dereva alipokea karatasi zake, akazihesabu, akakaa kwenye usukani. Alipoona kilio hakikomi, akaongeza sauti ya redio, akaondoka.