Nilikataa Kuonja Maharagi

Mu nyumba yetu, maharagi mapya hayaliwi mpaka muzee aonje. Ni desturi ya zamani, padri anaijua na anaicheka tu. Muzee anakamata ya kwanza na vidole, anatafuna, anasema "Asante Mungu," kiisha bengine banaingiza mikono mu sahani. Muzee njo mi, Dancille. Benzangu bote bamekufa. Ile njo nguvu ilinibakilia, na mwaka huu niliitumia.

Karte yangu ya kitambulisho inasema nilizaliwa mwaka wa 1934. Uongo! Agent ya serikali aliniangalia mu meno, akaandika. Sasa meno yenyewe haiko, angeandika nini?

Batu banafikiri kuzeeka ni kuumwa. Kuumwa unazoea. Magoti inauma asubui, muchana inanyamaza. Kitu mi sizoee ni ile bananiambiaka kila siku: "Pumzika, Mama." Nakamata ufagio: pumzika. Nachambua mboga ya lengalenga: acha, batoto batafanya. Banaulizana mbele yangu, "Tate amekula?" Tate, nyanya yao, iko hapa, muulize yeye! Nililimaka hii kilima ya Masisi mbele mutoto wangu Kabera azaliwe. Nyuma ya jikoni niko na kashamba kangu, mistari ine ya maharagi, na jembe yangu imekulika na udongo mpaka imebakia kadogo sawa kiganja. Ile kashamba njo ilikuwa inaniambia ningali muntu.

Sasa, mwezi wa tatu, risasi ililia upande wa Rubaya. Tulifunga mizigo kama siku zote: mablanketi, sufuria moja, Biblia, kamba ya mbuzi. Vitu vizito tunazikaka chini ya migomba, maana nani atapanda kilima na chuma ku mugongo? Mi nimekimbia mu hii inchi mpaka mikono yangu inajua kazi bila kuniuliza. Lakini ile siku hatukukimbia. Mangaribi risasi ikanyamaza, tukafungua mizigo, tukapika. Kesho yake, jembe yangu haikuonekana.

Nilijua mwizi palepale. Solange, mukwe wangu, bibi ya Kabera. Tangu nilianguka ku mutaro alikuwa ananiimbia: "Mama, acha kulima, utavunja muguu." Nilimuuliza jembe iko wapi, akasema hajui.

"Uongo!" nikasema. "Uliificha!"

Hata mugeni, siku ya tatu anapewa jembe. Mi, mwenye nyumba, bananinyanganya yangu! Nilimuita mwizi mu nyumba, nikamuita mwizi ku maji, nikamuita mwizi mbele ya bamama ya kanisa, na sauti yangu haiko ndogo. Solange alinyamaza. Ile kunyamaza ilinikasirisha zaidi, maana asiye na kosa anajitetea, ao siyo? Kashamba kangu kakajaa majani.

Maharagi ya shamba kubwa ikakomaa. Solange akapika chungu nzima, na mafuta ya mawese na kitunguu, harufu ikafika mpaka kwa majirani. Akaweka sahani mbele yangu.

"Karibu, Mama. Onja."

"Sionje."

Kabera alikuwa ametoka ku shamba na njaa ya kweli. "Mama, iko nini tena?"

"Jembe yangu kwanza."

"Mama, batoto banaangalia!"

"Baangalie. Bajue mama yao ni mwizi."

Kale katoto ka mwisho kakaanza kulia. Nilisikia raha, sitaficha. Tangu siku mingi hakuna muntu alikuwa ananingojea kwa kitu chochote. Sasa nyumba nzima ilikuwa inaangalia kinywa yangu isiyo na meno.

Solange akapiga magoti. "Mama, samahani. Mi njo niliificha. Kesho asubui nitakurudishia. Onja, tafazali."

"Mumesikia?" nikasema. "Si mumesikia?"

Nikaonja. Ilikuwa tamu sana, mafuta ikanishuka ku kidevu. Kabera hakuongea na bibi yake jioni yote, na mi nililala na furaha.

Bazee hatulalake sana. Inchi ikianza kupambazuka nikatoka kukojoa, nikaona Solange chini ya migomba, anachimba. Alikuwa amechimba mashimo huku na huku kama fuko. Nikashika mugomba, nikaangalia. Akainama, akavuta kitu kimefungwa mu kitenge ya manjano. Kitenge yangu, ile niliikosa siku ya Pasaka. Akajaribu kufungua fundo, ikamusumbua. Ile fundo mama yangu alinifundishaka, mu hii nyumba hakuna mwengine anaijua. Ndani mulikuwa jembe yangu.

Solange hakuwa anajua fasi gani jembe iko. Alikuwa anaitafuta tu pale tunazikaka vitu, na alijua ni mi niliizika.

Nilisikia haya mpaka masikio ikapata moto. Kiisha nikasikia woga, na woga ilikuwa kubwa kupita haya. Nilitafuta ile siku mu kichwa yote. Risasi, iko. Mizigo, iko. Mbuzi analia, iko. Mikono yangu inachimba, hapana. Haiko kabisa. Nikarudi mu nyumba polepole, nikaikala ku kitanda.

Jua ilipotoka akaileta, ameiosha vizuri. Kabera alikuwa anakunywa chai.

"Mama, njo hii," Solange akasema. "Niliiweka mu dari."

"Mu dari!" Kabera akaweka kikombe chini. "Siku zote hizi mama analalamika, na weye unapita chini yake? Weye uko muntu ya namna gani?"

Solange akaangalia chini. Alikuwa tayari kukula ile matusi yote, na ya kesho pia.

Ningeweza kunyamaza. Kwa muzee kunyamaza ni rahisi, batu banafikiri umesinzia.

"Kabera, funga kinywa," nikasema. "Haikuwa mu dari. Mi njo niliizika siku ya risasi, nikasahau. Bibi yako hakuiba kitu. Na siku ya Mungu, kiisha misa, bamama ya kanisa batasikia hivi kwangu mwenyewe."

Kabera akaniangalia vile banaangaliaka mutoto mwenye homa. Ile njo nilikuwa naogopa, na ikafika.

Nikakamata jembe. "Twende," nikamwambia Solange.

Tukashuka ku kashamba. Nililima kidogo, nikapumua, nikalima tena. Solange alikuwa ananifuata, anakusanya majani.

"Solange."

"Mama."

"Risasi ikilia tena, uangalie fasi naweka vitu."

Akaweka majani chini. "Nitaangalia, Mama."

"Vizuri. Na sasa toka ku mustari yangu, unaikanyaga."